Kiti cha Meya na Kura ya Wadi
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Tumepewa heshima ya kusema machache juu ya namna Meya na madiwani wa Nairobi walivyochaguliwa katika zama za baba zetu. Hatusemi haya kwa ajili ya kusifu ya kale. Kila uchaguzi ukaribiapo, sisi wanachama hubishana sana juu ya wakubwa wa nchi, lakini jina la mtu wa wadi huulizwa siku yenyewe ya kura, tukiwa tumekwisha kusimama mlangoni pa kituo. Jambo hili si dogo, na historia ya mji wetu yatuonya.

Nairobi ilipewa hati ya kifalme ikawa jiji tarehe 30 Machi 1950. Kwa desturi ya Kiingereza iliyofuatwa, Meya hakupigiwa kura na wenyeji wa mji. Madiwani waliketi barazani, wakamchagua mmoja kati yao kuvaa mkufu wa umeya. Basi aliyetaka kujua ni nani atakayekuwa Meya, ilimpasa kwanza atazame ni akina nani walioketi katika viti vya madiwani. Mlango ulikuwa hapo, na mlango huo Mwafrika alifungiwa kwa miaka mingi.

Alifungiwa kwa kuwa alihesabiwa mgeni mjini, mtu wa kuja kufanya kazi na kurejea kwao. Walakini mgeni huyo alilipa. Alilipa kodi ya nyumba za Baraza katika Shauri Moyo, Ziwani na Kaloleni. Tena Baraza lilikuwa na haki ya peke yake ya kuuza pombe kwa Waafrika, na faida yake ikawekwa katika mfuko wa kugharimia mambo yao. Hivyo Mwafrika alijijengea kwa bilauri yake mwenyewe, wala hakuulizwa kijengwe nini.

Wazee wanakikumbuka kisa cha Pangani kwa kusimuliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kijiji kile kilibomolewa, na wenye nyumba wengi wakahamishiwa Shauri Moyo. Wakati ule katika Baraza la Mji hakuketi Mwafrika hata mmoja. Watu walilia, lakini kilio kisicho na kiti barazani hakiandikwi katika kitabu cha mkutano.

Waafrika wa kwanza waliingia barazani katika miaka ya 1940, nao waliingia kwa kuteuliwa. Machi 1957 Waafrika wa Nairobi waliotimiza masharti ya kura walimchagua Bwana Tom Mboya kwenda Baraza la Kutunga Sheria. Ilikuwa furaha kubwa, lakini mkufu wa Meya ulikuwa bado shingoni mwa wengine. Ulipohesabiwa mwaka 1962, mji ulikuwa na watu zaidi ya 260,000, na zaidi ya nusu yao walikuwa Waafrika. Mwaka huo huo Bwana Charles Rubia akawa Meya wa kwanza Mwafrika, akashika kazi hiyo hata 1967. Hakukiokota kiti kile njiani. Alikuwa amekwisha kuketi barazani kama diwani, akajifunza kazi ya mji kabla ya kuwekwa juu yake.

Na baada ya uhuru? Mwaka 1983 Baraza la Jiji lilivunjwa, mji ukawekwa chini ya tume iliyoteuliwa, na madiwani wa kuchaguliwa hawakurejea mpaka baada ya uchaguzi wa Desemba 1992. Katika miaka hiyo yote, mwenye mtaro ulioziba hakuwa na mtu aliyemchagua wa kumwendea.

Mwaka 2013, kwa Katiba ya 2010, cheo cha Meya kiliondoka. Gavana sasa huchaguliwa na wananchi wenyewe, na wadi 85 za Nairobi hupeleka wajumbe wao katika Bunge la Kaunti. Wako wasemao kwamba kwa hiyo mtu wa wadi si kitu tena. Sivyo. Wajumbe hao ndio waipitishao bajeti. Tena Desemba 2020 walimshitaki Gavana Mike Sonko, na Seneti ikamwondoa. Zamani watu wa wadi walimweka mkuu wa mji. Katika siku zetu waliweza kuanzisha kumwondoa. Nguvu yao haikufa, ila imebadili mavazi.

Ndugu zetu, tunaomba mambo matatu. Kwanza, kila mwanachama ahakikishe jina lake limo katika daftari la wapiga kura, na wazee wawahimize vijana. Pili, kabla ya kura, tumwite kila mgombea wa wadi mbele ya wazee, tumwulize atafanya nini juu ya maji, mitaro na soko, na majibu yake yaandikwe. Tatu, mikutano ya bajeti ikitangazwa, chama kipeleke watu wawili wenye kujua kusoma hesabu, wakarudi na habari.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Wadi ndiyo penye ufa. Baba zetu walinyimwa kura hii wakaililia. Sisi tuliopewa, tusiitupe.