Mazoezi ya Mwili na Ukuaji wa Kiroho: Kazi ya Siku za Kawaida



Mtume Paulo alikaa Korintho mwaka mmoja na nusu. Karibu na mji huo, pale Isthmia, kila baada ya miaka miwili yalifanyika mashindano makubwa ya michezo, na mshindi alivishwa taji la majani. Hivyo alipowaandikia Wakorintho habari za mkimbiaji anayejinyima na bondia asiyepiga hewa, alisema na watu walioyajua mambo hayo. Kwa Timotheo pia alikiri kwamba mazoezi ya mwili yana faida kidogo, huku akimhimiza ajizoeze utauwa.

Makanisani kwetu tunapenda siku kubwa: mkesha, mkutano wa injili, juma la uamsho. Vijana wanalia, wanatubu, wanaahidi. Mwezi haujaisha, wengi wamerudi walikokuwa, nasi tunaitisha mkesha mwingine. Hakuna kocha anayemwandaa mkimbiaji namna hiyo.

Tutazame Iten, Kenya, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Bruda Colm O'Connell, mtawa kutoka Ireland, alifika huko mwaka 1976 kufundisha shule ya St. Patrick's. Miongoni mwa wakimbiaji aliowalea ni David Rudisha, aliyeshinda mita 800 jijini London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia. Anayekwenda Iten akitarajia kuona kasi kila asubuhi hushangaa. Alfajiri na baridi yake, mabingwa hujivuta kwenye barabara ya udongo mwekundu, kundi zima, wakipiga soga. Mazoezi makali yana siku zake. Saa nyingi zilizobaki ni za mwendo wa taratibu, ugali, na usingizi wa mchana.

Usingizi huo ni sehemu ya mazoezi. Zoezi zito huacha michubuko midogo ndani ya misuli; mwili huitengeneza wakati wa mapumziko, na misuli ikatoka imara kuliko mwanzo. Asiyepumzika huumia. Hapa mimi naiona neema waziwazi. Mkimbiaji hana uwezo wa kuiamuru misuli ikue. Lililo lake ni kufika mazoezini, kula na kulala. Yesu alisema hivyo juu ya mkulima anayelala na kuamka, mbegu ikiota asijue inaotaje. Sala ya asubuhi, sura moja ya Injili, kumwendea uliyekosana naye kabla jua halijatua: hayo hayatufanyi tukue kwa nguvu zake yenyewe. Yanatuweka mahali ambapo Mungu hutufanya tukue.

Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu nimeona vijana wakitangaziwa mfungo wa siku 21 ilhali hawajawahi kuacha hata mlo mmoja kwa ajili ya sala. Wanaishia njiani, kisha wanajihesabu wasio na imani. Kosa si lao. Ni letu sisi tunaowaongoza. Kijana angeanza kwa kuacha chakula cha mchana cha Ijumaa, pamoja na mwenzake wa kusali naye, mwaka mzima.

Kwa hiyo katika vikundi vya semina hii naomba tufungue kalenda za idara zetu za vijana. Tuhesabu siku kubwa tulizopanga mwaka huu, kisha tuulizane: Jumanne ya kawaida, kijana wetu anafanya nini, na nani yuko naye?