Cheche Inayowasha Injini ya Zamani

Leo tunazungumzia pointi za magari ya zamani ya petroli, kama Land Rover za miaka ya 1960: vigusano viwili vidogo vya chuma vinavyounganisha na kukata umeme wa kuwashia injini. Huku kwetu Kibiti, Nyamisati na vijiji vya delta ya Rufiji, hewa ya chumvi na unyevu wa mikoko huzichosha mapema.

Mfumo wa kuwasha injini kwa pointi uliasisiwa na Mmarekani Charles Kettering karibu mwaka 1910. Ukiwasha swichi, pointi zikiwa zimegusana, umeme wa betri wa volti 12 hupita kwenye koili na kujenga nguvu ya sumaku. Injini inapozunguka, nundu za shafti ya distributa, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, huzitenganisha pointi. Umeme hukatika ghafla, sumaku huzimika, na koili hutoa zaidi ya volti 10,000. Rota huupeleka umeme huo kwenye plagi ambayo zamu yake imefika. Cheche huruka, petroli huwaka. Kondensa nayo huzilinda pointi zisiungue.

Gari likikataa kuwaka asubuhi ya masika, ondoa kwanza waya wa betri. Kausha kifuniko cha distributa kwa kitambaa safi, ndani na nje. Pointi zilizo ndani yake zikiwa na utandu, zisugue kwa msasa laini, kisha pima mwanya wake: kwa Land Rover nyingi za zamani ni karibu milimita 0.4. Zikiwa zimechimbika, weka mpya.

Na tafadhali, usishike waya wa plagi injini ikiunguruma. Umeme wake hupiga vibaya.