Mwenye Funguo Anapohamishwa Dawati

Haya ni maneno ya afisa wa TEHAMA alipozungumza na wakazi wa Kipsing, Wadi ya Oldonyiro, katika baraza la kueleza huduma zinazotolewa kwa njia ya kompyuta. Tunayachapisha kwa manufaa ya wakazi wa wadi zote.

 

Nimeombwa nieleze jambo ambalo wengi hudhani ni la watu wa ofisini peke yao. Msimamizi wa mifumo ya kompyuta akibadilishiwa kazi ndani ya ofisi ile ile, ana wajibu gani? Simzungumzii aliyeachishwa kazi, wala aliyestaafu. Ninamzungumzia yule ambaye mwezi jana alikuwa akitunza kompyuta za ofisi, na mwezi huu amepewa dawati lingine, labda la ununuzi, la mapato au la kusimamia mradi. Kila asubuhi bado anaingia kwa mlango ule ule na wenzake wanamsalimu. Kwa hiyo hakuna anayeshtuka kwamba kazi yake ya zamani imebaki bila mtu.

Kwanza tuelewane huyu ni nani. Msimamizi wa mifumo ndiye anayetunza seva, yaani ile kompyuta inayohifadhi rekodi na kuhudumia kompyuta nyingine. Anawafungulia watumishi akaunti na kuzifunga wanapoondoka. Anatengeneza nakala za akiba, ili mashine ikiungua rekodi zisipotee. Anazo nywila kuu, au paswadi kama wengi tunavyosema. Wananchi hawamjui kwa sababu hakai dirishani, lakini karani wa dirishani hawezi kukuhudumia bila kazi yake.

Mnaweza kuuliza, hilo linatuhusu nini sisi wa Kipsing? Linawahusu sana. Ukilipia huduma ya serikali kwa eCitizen, ukijiandikisha kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, mzee akipokea fedha za Inua Jamii, mtoto akiombewa basari, jina lako limeingia katika kompyuta mahali fulani. Mifumo mingine ni ya serikali ya kitaifa, mingine ni ya kaunti, na mingine ni ya benki au kampuni ya simu. Lakini nyuma ya kila mmoja kuna mtu mwenye funguo. Mama akitoka hapa hadi Isiolo mjini, nauli imekwenda na siku imekwenda, kisha anaambiwa sistimu imekataa. Inawezekana ni umeme au mtandao. Inawezekana pia ni kwamba aliyejua kuiwasha amehamishwa, na hakumwachia mwenzake maelezo.

Nyinyi wafugaji mnajua makabidhiano kuliko sisi wa ofisini. Kijana aliyekuwa akichunga mbuzi akihamishiwa kwa ngamia, hawaachi mbuzi malishoni na kwenda zake. Mbuzi huhesabiwa wakiingia bomani. Anamwambia anayechukua nafasi yake: huyu ana mguu mbaya, yule amekaribia kuzaa, na wale wawili hupenda kubaki nyuma kwenye lagga. Idadi peke yake haitoshi, kwa sababu anayepokea anahitaji pia kuzijua tabia za mifugo. Msimamizi wa kompyuta naye ana wajibu wa namna hiyo, na nitautaja kwa utaratibu.

Wajibu wa kwanza ni kuorodhesha kila kitu kilicho mikononi mwake. Ataandika seva ni ngapi na ziko wapi, ni akaunti gani kuu, ni leseni gani za programu na zinaisha tarehe gani, ni kampuni gani inayoleta intaneti na mkataba unasemaje. Ataandika pia jina la tovuti ya ofisi limesajiliwa kwa anwani gani ya baruapepe. Hapa pana hatari kubwa. Ikiwa lilisajiliwa kwa baruapepe yake binafsi, ilani ya kulipia itakwenda kwake, na yeye sasa ana kazi nyingine. Asipoisoma, tovuti itazimwa. Vitu vya ofisi visajiliwe kwa anwani ya ofisi.

Wajibu wa pili ni kuandika yale yaliyo kichwani. Kila mfumo una tabia zake. Kuna kazi zinazojiendesha zenyewe usiku, kuna mashine isiyopenda kuzimwa kabla ya nyingine, kuna hitilafu inayorudi kila mwisho wa mwezi. Msimamizi aliyekaa miaka mingi hayaandiki haya kwa sababu kwake ni ya kawaida. Aliyepokea kazi jana hayajui. Baada ya kuandika, aketi pembeni na amwache mrithi wake aifanye kazi kwa mikono yake mwenyewe. Jaribio muhimu zaidi ni la nakala za akiba: mrithi achukue nakala na kurudisha rekodi kutoka humo, mbele ya mtangulizi wake. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa haina uhakika wowote, na siku ya kuungua kwa mashine si siku ya kujaribu.

Wajibu wa tatu ni kukabidhi nywila kwa njia salama. Zisitumwe katika kundi la WhatsApp wala zisiandikwe kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Zikabidhiwe kwa maandishi ya siri, mbele ya mkuu wa ofisi, na kila upande utie sahihi. Kisha mrithi azibadilishe zote siku hiyo hiyo. Msimamizi mwaminifu haoni hilo kama tusi. Linamlinda yeye, kwa sababu rekodi ikichezewa wiki ijayo, hakuna atakayeweza kusema ni yeye.

Wajibu wa nne ndio unaosahaulika zaidi, nao ni kuacha ruhusa za zamani. Mtu akihama dawati mara tatu bila kufungiwa akaunti za nyuma, anajikuta na funguo za milango minne. Tuseme aliyekuwa akisimamia seva sasa amehamishiwa kitengo cha mapato. Mchana anapokea fedha na kutoa risiti. Kama bado ana nywila kuu, usiku anaweza kuingia kwenye seva na kufuta risiti hiyo pamoja na alama za kufutwa kwake. Sisemi atafanya hivyo. Ninasema fedha za umma hazipaswi kulindwa na uaminifu wa mtu mmoja tu, hata awe mwema namna gani.

Sheria nayo ina neno. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, kifungu cha 41, inamtaka mfanyakazi anayeacha kazi kurudisha mara moja nywila na ruhusa zote za mfumo wa mwajiri wake. Akikataa, anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Sikilizeni vizuri: kifungu hicho kinataja mtu ambaye ajira yake imekwisha. Aliyehamishwa dawati, ajira yake haijaisha. Kwa hiyo ofisi haiwezi kukaa ikitegemea kifungu hicho. Ni lazima iwe na utaratibu wake wa maandishi wa kufunga ruhusa siku ya uhamisho. Ila asidhani yuko huru. Kifungu cha 14 cha sheria hiyo kinamhusu yeyote anayevunja ulinzi wa mfumo na kuingia huku akijua hana idhini. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili.

Tena iko Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Habari zako za afya, za familia na za kipato ni zako. Msimamizi aliyeziona akiwa kazini hana ruhusa ya kuzibeba kwenye simu au kompyuta yake anapohamia dawati jipya, wala kuzisimulia.

Wajibu wa tano ni kusaidia kwa muda, kisha kuachia. Mrithi atakuwa na maswali, na mtangulizi anapaswa kuyajibu. Muda huo uandikwe una mwisho lini. Na mtangulizi aonyeshe jinsi ya kutengeneza, asitengeneze mwenyewe kimyakimya. Akiendelea kutengeneza kimyakimya, ofisi itamwita kila siku, kazi yake mpya italala, na mrithi hatajifunza.

Niwape mfano wa mbali ili mjue jambo hili si la kaunti changa peke yake. Mji wa San Francisco, Marekani, ulikuwa na mhandisi aitwaye Terry Childs aliyesimamia mtandao wa kompyuta wa serikali ya mji. Mwezi Julai 2008 aliambiwa anahamishiwa kazi nyingine na akaombwa nywila. Alikataa, kwa kuwa aliamini wengine hawakuwa na ujuzi wa kuutunza mtandao ule. Alikamatwa. Mtandao uliendelea kufanya kazi, lakini kwa siku 12 serikali ya mji haikuweza kuusimamia. Mwishowe alimpa nywila Meya Gavin Newsom mwenyewe, aliyemfuata gerezani. Mwaka 2010 alipatikana na hatia na kufungwa miaka minne, na baadaye akaamriwa kuulipa mji karibu dola milioni 1.5.

Alikosea kudhani kwamba kitu alichokitunza vizuri kimekuwa chake. Lakini tusiwaache wakubwa wake. Walimwacha mtu mmoja ashike funguo zote, na wakaja kuziomba siku ya kumwondoa. Wajibu wa makabidhiano ni wa pande mbili. Anayehamisha anapaswa kumpa mtu notisi na muda wa kuandika, na kumteua mrithi mapema. Ukimhamisha mtu Ijumaa jioni na kutaka aanze kwingine Jumatatu asubuhi, umeyaharibu makabidhiano wewe mwenyewe.

Sasa nije kwenu, maana na hapa Kipsing kuna wasimamizi wa mifumo, ingawa hatuwaiti hivyo. Kikundi cha kina mama kina laini ya simu ya kupokea michango. Laini hiyo imesajiliwa kwa kitambulisho cha nani? Kamati ya maji ina daftari la malipo na fundi anayejua mashine ya kisima. Shule ina nywila za kusajili watahiniwa wa mitihani. Mweka hazina akichaguliwa kuwa mwenyekiti bado yumo kikundini, na kwa hiyo wengi humwacha aendelee kushika laini na namba ya siri. Mwenyekiti anayeidhinisha malipo akawa pia ndiye anayelipa.

Kwa hiyo nawaomba mfanye mambo machache. Kikundi kikibadilisha viongozi, fanyeni makabidhiano mbele ya wanachama, hesabu isomwe, namba ya siri ibadilishwe siku hiyo hiyo, na kumbukumbu iandikwe na kutiwa sahihi. Kama laini iko kwa jina la mtu, ulizeni kampuni ya simu jinsi ya kuihamishia kwa kikundi. Mkienda ofisi ya serikali, dai risiti na uitunze, kwa sababu rekodi ikipotea ndiyo ushahidi wako. Na msimpigie afisa wa zamani kwa simu yake ya mkononi awamalizie jambo kwa sababu mnamjua. Mnamweka katika hatari ya kutumia ruhusa ambayo si yake tena. Nendeni kwa aliyepo, na kama hajui kazi, ulizeni makabidhiano yalifanyika lini. Mna haki hiyo: Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.

Nimemaliza. Nitabaki hapa chini ya mti kwa wenye maswali, na aliye na risiti yenye tatizo aje nayo tuitazame pamoja.