Kusimama Kando na Kusimama Imara

Leo tumechagua maneno mawili mafupi ya Kiingereza: "stand by". La kwanza ni kusimama. La pili ni kando au karibu. Lakini yakiunganishwa hubeba maana zinazopingana, na asiyeangalia aweza kumsifu mwoga au kumtukana shujaa.

Tuseme wezi wa ng'ombe wameingia zizini kwa jirani huko Segese, na mwano umepigwa usiku. Wasukuma waujua wajibu wake: ausikiaye huitikia na kutoka. Wajibu huo ndio uliotiwa nguvu na sungusungu, walioanza pande za Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi. Basi asubuhi mwanafunzi aandika: "We stood by." Amesema nini? Amesema, "Tulisimama tukitazama tu." Hayo ni maneno ya aibu. Lakini akiandika, "We stood by him," amesema, "Hatukumwacha jirani yetu." Neno moja dogo limegeuza aibu kuwa heshima.

Kanuni yake ni hii. Maneno haya yasipofuatwa na jina, maana yake ni kutazama bila kutenda, au pengine kukaa tayari kungoja amri, kama askari wafanyavyo. Yakifuatwa na mtu, ni kuwa upande wake katika shida. Yakifuatwa na ahadi au mapatano, ni kuyashika yasivunjike: "He stood by his promise." Wala jina halitiwi katikati ya maneno hayo mawili, daima huja nyuma.

Sisi wenyewe, tulipokuwa wanafunzi, tuliifasiri sentensi hiyo hivi: "Alisimama karibu na ahadi yake." Darasa zima likacheka, nasi tulistahili kuchekwa. Kiswahili kina maneno yake: alishika ahadi, alitimiza neno lake, hakumtupa mwenzake.

Lakini kuna jambo moja zaidi. Mwingereza halitumii neno hili kwa ahadi nyepesi. Tuwatazame wachimbaji wadogo wa dhahabu. Mwenye duara hutoa chakula na vifaa. Wachimbaji hutoa nguvu zao. Nao hupatana mapema jinsi watakavyogawana mifuko ya mawe. Wakati duara halijatoa kitu, mapatano hayo hayamwumi mtu. Siku mwamba wenye dhahabu unapoonekana, ndipo tamaa inapoanza kusema. Mwenye duara akigawa kama walivyopatana, ijapokuwa hapana karatasi wala shahidi, hapo ndipo tuwezapo kusema, "He stood by his word." Neno hili latujulisha kwamba palikuwa na sababu ya kurudi nyuma, naye hakurudi.

Basi, wanafunzi, mkutanapo na maneno haya kitabuni, jiulizeni kwanza: yanafuatwa na nini? Kisha jiulizeni: mtu huyu angepata faida gani kama angaliondoka? Mkijibu maswali hayo mawili, hamtakosea maana. Wazee wetu walikwisha sema kwamba ahadi ni deni. Nasi twaongeza kwamba mdeni hujulikana siku ya kulipa.