Neno na Kivuli Chake



Wapendwa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo na waamini wote,

Katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 30, Yakobo anamwomba Labani ampe ujira wake katika wanyama wenye madoadoa. Hapo neno hilo halina ubaya. Lataja rangi ya mbuzi na kondoo. Lakini katika Bonde la Ufa, wakati wa mapigano ya mwaka 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu walihimizwa "kuondoa madoadoa". Hakuna aliyekwenda zizini. Kila aliyesikia alijua kwamba doa ni jirani wa kabila jingine. Baada ya uchaguzi ule, watu zaidi ya 1,100 waliuawa.

Msemaji akiulizwa, hujitetea: "Nimetaja madoa tu, fungueni kamusi." Ni kweli, kamusi haimshtaki. Lakini neno lina maana yake, na lina kivuli chake, yaani lile ambalo wasikilizaji wamezoezwa kulisikia. Anayekijua kivuli hicho na kukitumia hawezi kujificha nyuma ya kamusi.

Huko Rwanda, mwaka 1994, redio ya RTLM iliwaita Watutsi "inyenzi", maana yake mende. Na kuua kuliitwa "kazi". Mende haombolezwi, wala kazi haiungamwi. Ndivyo lugha ya namna hii inavyoilaza dhamiri usingizi kabla mkono haujashika panga.

Sheria ya Kenya ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, ya mwaka 2008, haipimi neno peke yake. Yauliza pia kama, kwa kuzingatia mazingira yote, neno hilo laelekea kuchochea chuki ya kikabila. Mwaka 2022 Tume iliyoundwa kwa sheria hiyo ililiweka "madoadoa" katika orodha ya maneno ya chuki.

Wako pia wanaowaita wenzao "kwekwe". Hao na wasome Mathayo 13. Watumishi walitaka kung'oa magugu. Mwenye shamba akawakataza, wasije wakang'oa na ngano pamoja. Mavuno ni yake.

Ndugu zangu, tusiwatazame wanasiasa peke yao. Je, katika parokia zetu hatumwiti "mgeni" mtu aliyebatizwa hapa, na ambaye wazazi wake wamezikwa hapa? Kwa kamusi, mgeni ni neno la heshima. Hukaribishwa, hupewa kiti. Kwa kivuli chake, laweza kumwambia mwenzetu kwamba siku moja ataondoka.

Basi, mrudipo katika jumuiya zenu, likitokea neno la namna hiyo, ulizeni: limesemwa na nani, wakati gani, na wasikilizaji wanatarajiwa kufanya nini? Kisha msiishie katika kamusi. Mwulizeni yule aliyeitwa hivyo anasikia nini. Naye akisema, mwaminini.

Amani ya Kristo iwe nanyi.