Kadi ya Kliniki na Ratili ya Babu

(Hotuba ya wanachama waishio Marekani, iliyosomwa katika mkutano mkuu wa mwaka)



Tumeombwa tueleze maisha ya ugenini. Tutasema jambo moja tu: vipimo.

Tulipofika Marekani tulidhani shida itakuwa lugha na baridi. Kumbe hata kuhesabu tulianza upya. Mwenzetu mmoja aliandikiwa aingie kazini saa 2. Yeye akaenda saa mbili asubuhi ya kwetu, akakaa mlangoni muda wa saa sita, kwa sababu wao walimaanisha saa nane mchana. Redio ikatangaza joto la 86, tukashtuka. Kumbe ni nyuzi 30 tu, joto letu la kila siku Mtwara.

Hayo tuliyacheka. Lakini usiku mmoja mtoto wa mmoja wetu alichemka mwili. Kipimajoto kikaonyesha 102. Je, ni homa ndogo au kubwa? Chupa ya dawa nayo ilipanga dozi kwa uzito, tena si kwa kilo. Kadi ya kliniki tuliyotoka nayo nyumbani, iliyojazwa siku chache kabla ya safari, ilisema kilo 10.

Tukampigia babu Msimbati. Akacheka: "Wajukuu zangu, hiyo si ratili? Enzi za Mwingereza tulinunua sukari kwa ratili. Kilo moja ni ratili mbili na kidogo." Basi kilo 10 zikawa ratili 22. Tukampigia nesi, akasema hesabu ni sawa, na kwamba 102 ni karibu nyuzi 39, dawa itolewe upesi. Mtoto akapona.

Ndugu zetu, usiku ule tulisaidiwa na babu, lakini pia na muuguzi wa nyumbani aliyempima mtoto akaandika namba ya kweli. Leo ziko zahanati kwetu ambazo mshale wa mizani ya watoto haurudi sifuri. Mama anatembea juani na mtoto mgongoni, halafu anaandikiwa kilo ambazo si za mwanawe. Aliyekonda anaonekana mzima, na dozi inakosewa.

Mkulima wa korosho hakubali mizani mbovu ghalani hata siku moja. Tutaikubalije kwa mtoto?

Tunaomba mchango wa mwaka huu ununue mizani za watoto na vipimajoto, na umlipe fundi wa kuzikagua kila mwaka. Sisi wa ugenini tumeshaanza kuchangishana, na hatutaki kuchanga peke yetu. Mwenye kidogo asione haya kukitoa. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba nacho ni kipimo.