Jiwe la Liuli na Mnyama wa Misri

Leo napenda kuwapasha habari za jiwe. Mtu apitaye Liuli kwa mashua, katika mwambao wa Ziwa Nyasa, huliona limetokeza majini. Wenyeji huliita Pomonda. Wadachi walipoitawala nchi hii waliliona kama mnyama alalaye na kuinua kichwa, basi bandari wakaiita Sphinxhafen, yaani Bandari ya Sfinksi. Sfinksi huyo ni nani?

Yuko Misri, mahali paitwapo Giza, karibu na mapiramidi. Ana mwili wa simba na kichwa cha mtu, naye amechongwa katika mwamba wenyewe; urefu wake yapata mita 73, kimo chake mita 20. Wataalamu wengi husema alichongwa zamani za mfalme Khafre, miaka 2,500 hivi kabla ya kuzaliwa Kristo.

Ajabu ni kwamba Sfinksi si jina lake. Wamisri, karne nyingi baada ya kuchongwa kwake, walimwita Horemakhet, maana yake Horus, mungu wao, aliye katika upeo wa jua. Waarabu humwita Abu al-Hawl, Baba wa Hofu. Jina la Sfinksi lilitoka kwa Wayunani. Katika hadithi zao Sfinksi alikuwa mnyama wa kike mwenye mabawa, aliyekaa karibu na mji wa Thebe akiwategea wapita njia kitendawili. Sisi tukishindwa twatoa mji, mambo yakaisha. Aliyeshindwa pale aliliwa. Aliuliza: Ni nani aendaye asubuhi kwa miguu minne, adhuhuri kwa miwili, jioni kwa mitatu? Oedipus akajibu kwamba ni mtu, kwa kuwa mtoto hutambaa na mzee hushika mkongojo. Basi Wayunani walimpa simba wa Misri jina la mnyama wa kwao, na Wadachi wakalichukua jina hilo la kuazima wakalibandika Liuli.

Likaingia hata katika vitabu vya vita. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, chini ya Rhoades, iliingia Sphinxhafen ikaipiga kwa mzinga meli ya Wadachi, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa pwani kutengenezwa. Nahodha wake, Berndt, alikuwa rafiki wa Rhoades, wala hakuwa amepata habari kwamba vita vimeanza.

Lakini kwangu mimi, habari ya Pomonda ni kubwa kuliko hiyo. Wazee husimulia kwamba Wangoni walipovishambulia vijiji vya pwani, katika karne ya kumi na tisa, watu walikimbilia jiwe lile wakajificha pangoni. Meli imeandikiwa siku yake na majina ya manahodha wake. Waliojificha hawakuandikiwa neno.

Basi ninyi wanafunzi wa Liuli, Lituhi na Mbamba Bay, waulizeni wazee: ni watu wa koo zipi waliojificha, walivushwa kwa mitumbwi ya nani, walikula nini humo? Yaandikeni majibu katika daftari, pamoja na jina la kila msimulizi. Kwaherini.